Mistari Niliyoiruka

Jumatano, 4 Machi

Sijamwambia mtu yeyote, hata mama: kila asubuhi namwaga manjano ya baba kwenye sinki la bafuni.

Naandika kwa sababu nisipoandika nitapasuka. Baba huamka kabla yetu. Anachemsha maji, anakoroga kijiko kilichojaa mpaka kinafanya kichuguu, anatia pilipili manga, anaiweka glasi mbele ya kiti changu kama anayemwandalia mgeni wa heshima. "Kunywa, mama. Hiyo ndiyo dawa." Nasema asante baba, naingia nayo bafuni kama naenda kupiga mswaki, nafungua bomba. Kisha natoa vidonge viwili kwenye mkebe wa jometri, vikubwa kama punje za maharage, navimeza. Jioni viwili tena.

Mwaka jana niliugua ugonjwa ambao hata kuutaja naona haya. Utumbo. Nilikwenda chooni mara kumi kwa siku, naona damu, na kwa wiki tatu sikusema. Ungeanzaje? Ungeanza na neno gani? Mwishowe nilianguka mstarini shuleni, nikapelekwa hospitali. Daktari akaeleza kwamba utumbo mpana umevimba kwa ndani na kuchubuka. Si minyoo, si chakula kichafu. Ni askari wa mwili wamechanganyikiwa, wanapiga ukuta wa nyumba yao wenyewe. Akanipa vidonge, nikapona. Yaani nikapata nafuu. Sista wa kliniki hataki kusikia neno kupona. "Moto umelala, haujazimika," anasema. "Ukiacha vidonge, unaupepea."

Lakini baba alipoona nimenenepa alisema basi, kemikali zimetosha, sasa tuyaachie manjano. Niliyanywa wiki mbili. Tumbo liliniwaka kama nimemeza kaa. Nikaamua kumwambia. Nilifungua mdomo mezani, akanigeukia na uso umejaa furaha, nikaomba chumvi.

Tangu Januari, basi, ni sinki.

Jumamosi, 7 Machi

Leo nimekuwa mtu mkubwa. Niandike vizuri.

Jumamosi huwa nasaidia kwenye mashine ya baba ya kusaga manjano. Ukiingia mlangoni unapiga chafya tatu ndipo unasalimia. Kuna ghala la mizizi mibichi upande wa kushoto, pipa la kuchemshia, mashine katikati, na mbele kabisa mizani na wateja. Kila kitu ni cha njano: kuta, waya wa taa, kucha za baba, hata kope zake. Bi Chekeche, mama mtu mzima anayechekecha unga kwa baba tangu sijazaliwa, anasema akifa wasimwoshe, watamharibu rangi.

Najivunia kazi ya baba na sijawahi kumwambia. Wengine mjini wanachanganya manjano na unga wa mahindi, wengine rangi. Baba hachanganyi hata punje. Anachemsha mizizi, anaikata, anaianika siku kumi mpaka ukiivunja inalia "ta!" kama kijiti. Ndipo anasaga. Mteja akimuuliza kama ni safi, baba hajibu. Anachota kidogo, anayaweka kwenye kiganja cha mteja, anamwangalia.

Leo mchana mteja mmoja alimtumia makala kwenye simu. Ilikuwa kwa lugha ya darasani, ile tunayosomea sayansi. Baba anaifahamu ya kuulizia bei tu. Akaniita. "Njoo utusomee, msomi." Kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya kwa ajili ya mtu: akazima mashine.

Kimya chote kile, kwa ajili yangu. Wateja sita, Bi Chekeche, baba. Mimi ambaye darasani nikiulizwa swali natazama viatu. Nilipanda juu ya gunia nikaanza kuwageuzia kwa lugha yetu: kwamba rangi ya njano iliyo ndani ya manjano imechunguzwa na wataalamu, kwamba kwenye maabara inatuliza uvimbe, kwamba wagonjwa wa utumbo mpana waliopewa walipata nafuu zaidi kuliko wasiopewa. Baba alikuwa anaitikia kila neno. Mteja mmoja akasema "ebo!" Bi Chekeche akapiga makofi, "Kumbe Bi Kimya ana sauti!"

Kisha nikafika kwenye aya inayoanza na "hata hivyo".

Niliisoma kwa macho. Hata hivyo, wagonjwa hao walipewa pamoja na dawa zao za kawaida, si badala yake. Hata hivyo, walikuwa wachache. Hata hivyo, walichopewa kilikuwa kimekamuliwa na kukolezwa, si unga wa jikoni. Mtu asiache dawa zake.

Nikainua macho. Baba alikuwa amesimama kifua mbele kama siku ya harusi yake.

"Imeishia hapo," nikasema.

Jumatatu, 9 Machi

Mvua imeanza. Manjano yamerudishwa ndani.

Alhamisi, 12 Machi

Mungu wangu. Baba ameita mchoraji. Kuna ubao juu ya mlango wa mashine, herufi nyekundu, unaonekana mpaka kituo cha basi:

MANJANO SAFI. YAMEMPONYA BINTI YETU. ULIZA NDANI.

Darasani mmoja ameshaniuliza nimeponywa nini. Nimesema chunusi.

Jumapili, 15 Machi

Mvua. Mama amesugua sinki asubuhi nzima kwa limau na magadi. "Baba yenu huyu ananawa wapi hayo manjano? Atatutia rangi mpaka meno!" Baba ameapa hajanawia humo. Wamebishana, wamecheka. Mimi nimeomba ruhusa nikajisomee.

Jumamosi, 21 Machi

Mvua, wiki ya pili sasa. Ghala linanuka ukungu kidogo na baba anageuza mizizi kwa mikono, mmoja mmoja, kama anawageuza watoto kitandani. Pamoja na hayo wateja wamejaa. Ubao unafanya kazi.

Leo amekuja Fundi. Ni yule mama anayeshona sare za shule yetu, duka lake liko mtaa wa nyuma. Ndiye aliyenipima sare yangu ya kwanza, akanichoma sindano kwa bahati mbaya, akanipa peremende. Amekonda. Alisubiri wateja wapungue, akamsogelea baba na kunong'ona. Baba akasema kwa sauti ya furaha, "Ndiyo huo huo! Ugonjwa ni ule ule! Mwite binti yangu umuulize."

Fundi akaniangalia. Macho yake nayajua, ni macho ya mtu anayejua choo kilipo kila anapoingia. "Mwanangu, eti ni kweli? Ni haya haya?"

Baba alikuwa nyuma yake, anatabasamu. Mashine ilikuwa inanguruma. Nilijiambia kelele ni nyingi, hata nikisema hatanisikia.

Nikaitikia kwa kichwa.

Mara moja tu. Chini, juu. Fundi akanishika mkono akasema, "Mungu akubariki."

Ijumaa, 27 Machi

Wamerudisha mtihani wa baiolojia. Swali la tatu lilikuwa: eleza kazi ya utumbo mpana. Nimejaza kurasa mbili. Mwalimu ameandika pembeni: "Umeyatoa wapi haya yote?"

Alhamisi, 2 Aprili

Nimekutana na Fundi sokoni, tukajibana chini ya mwavuli mmoja, kila mtu na nyanya zake. Amefurahi kuniona kuliko ninavyostahili.

"Siku kumi na mbili leo! Vidonge nimevifungia kabatini. Nimekufuata wewe hatua kwa hatua, vijiko viwili asubuhi, viwili jioni."

"Vijiko viwili?"

"Baba yako alisema kimoja. Nikaona mimi ni mtu mzima, mwenye mwili."

"Na tumbo?"

"Linanguruma, linanguruma kidogo. Lakini si ndiyo linasafika?"

Maneno yalikuwepo. Yalikuwa yamepanga foleni nyuma ya meno yangu. Nikamwambia nyanya za pale kwenye kona ni nzuri zaidi.

Jumapili, 5 Aprili

Mvua. Sikwenda popote. Sinki.

Alhamisi, 9 Aprili

Nimekwenda kliniki kuchukua vidonge vya mwezi. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima.

"Sista, nina rafiki yangu ana ugonjwa kama wangu. Ameacha dawa, anatumia manjano."

"Ana umri gani huyo rafiki?"

"Arobaini na kitu."

"Una marafiki wazito." Aliacha kuandika. "Kaa chini."

Sista ni mtu wa vichekesho lakini leo hakucheka. Akanieleza, na naandika kama alivyosema kwa sababu nimeipenda. Mmea hauwezi kukimbia. Mdudu akija, jua likiwaka, ukungu ukiota, mmea unabaki pale pale. Kwa hiyo unajitengenezea silaha zake: uchungu kwenye majani, ukali kwenye kitunguu, rangi kwenye mizizi. Tukila, baadhi ya vitu hivyo vinaingia mpaka kwenye utumbo na huko vinaweza kutuliza. Vinaweza. Kwenye kioo cha maabara vinatuliza sana, kwa sababu kwenye kioo hakuna tumbo la kuvimeng'enya. Ndani ya mtu, manjano mengi yanapita tu na kutoka yalivyoingia. Ndiyo maana wataalamu wanayakamua na kuyakoleza, wanawapa wagonjwa juu ya dawa zao, na bado wanahesabu.

"Kwa hiyo si upuuzi?" nikauliza.

"Nani kasema upuuzi? Ni swali zuri ambalo jibu lake halijaiva. Lakini mwenye moto ndani ya nyumba hasubiri jibu liive. Mwambie rafiki yako arudi kwenye dawa wiki hii. Si wiki ijayo."

Nikasema ndiyo Sista.

Jumamosi, 11 Aprili

Nimepita dukani kwa Fundi mara mbili. Kumejaa wateja. Nimerudi nyumbani. Hiyo ndiyo habari yote, na naiandika ili nione sura yangu ilivyo.

Jumatano, 15 Aprili

Jana. Nianze mwanzo, nisiruke kitu.

Tuliachiwa mapema kwa sababu paa la darasa lilikuwa linavuja. Nikapita mtaa wa nyuma. Duka la Fundi lilikuwa limefungwa, na Fundi hafungi duka hata siku ya msiba. Anaishi nyuma ya duka. Niligonga, sauti ikasema ingia.

Alikuwa amelala kitandani juu ya vitambaa vya sare, uso rangi ya majivu. Kando ya kitanda kulikuwa na ndoo yenye kifuniko, na juu ya kiti glasi ya manjano, nusu.

"Ni wewe," akasema. "Usiogope. Ni uchafu unatoka."

"Fundi, ni damu?"

Hakujibu, na mimi ninaijua namna hiyo ya kutojibu.

"Tangu lini?"

"Jumamosi. Baba yako anasema mwanzoni mwili unasukuma. Wewe haikuwa hivyo?"

Nilikaa sakafuni. Labda kama ningebaki nimesimama nisingesema. Niliangalia mkeka, nikaanza, na sauti yangu ilikuwa ndogo kiasi kwamba aliniambia rudia. Nikarudia. Kwamba manjano nayamwaga. Kwamba tangu Januari sijanywa hata tone. Kwamba nameza vidonge kama vyake, vinne kwa siku, kwa siri, na ndivyo vinavyonishikilia. Kwamba makala nilisoma nusu. Kwamba siku ile niliitikia kwa kichwa kwa sababu baba alikuwa anatabasamu.

 Nilingoja anifukuze.

"Umetumwa na hospitali," akasema.

"Hapana."

"Baba yako anajua haya?"

"Hapana."

"Basi unamsingizia baba yako au unanidanganya mimi, moja kati ya hayo mawili. Yule mtu nimenunua kwake miaka yote. Hajawahi kunipimia pungufu, hajawahi kunitilia unga. Yeye ndiye aliyenipa. Aje aniambie yeye kwamba si dawa, nitaamka hapa hapa niende. Wewe siwezi kukuamini mwanangu. Wewe juzi uliniambia ndiyo."

Alikuwa na haki, kila neno.

Nilikimbia. Mvua ilikuwa inamwagika kama mtu ametoboa tanki. Nilipoingia kwenye mashine hakukuwa na mtu aliyenisikia, kwa sababu ya kelele, na nikawaza: sawa, nitangoja amalize gunia hili. Kisha nikamkumbuka Fundi kitandani, na ile ndoo. Nikaenda ukutani nikaushusha mkono wa swichi. Mimi. Swichi ambayo hatujawahi kuruhusiwa kuigusa.

Mashine ikalala. Wateja wanne wakageuka. Bi Chekeche akasimamisha chekeche hewani. "Leo Bi Kimya kapandwa na nini?"

"Baba, nipe simu."

"Kuna nini? Mbona umelowa hivyo?"

"Ile makala, baba. Sikuimaliza."

Nilisoma nikiwa nimesimama chini, bila gunia. Maji yalikuwa yananidondoka kwenye kioo cha simu nikawa nayapangusa. Nilisoma kutoka "hata hivyo" ya kwanza mpaka nukta ya mwisho, na kila mstari niliugeuza kwa lugha yetu taratibu, bila kupunguza. Pamoja na dawa zao, si badala yake. Wachache. Yaliyokolezwa, si unga wa jikoni. Mtu asiache dawa.

"Kwa nini hukusoma siku ile?" Baba aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ulizima mashine kwa ajili yangu."

Kisha nikasema lile jingine. "Na manjano nayamwaga, baba. Kwenye sinki. Nameza vidonge."

"Tangu lini?"

"Januari."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Mteja mmoja alicheka kidogo puani. Bi Chekeche akamgeukia, "Wewe, cheka tena nikuchekeche." Baba hakumsikia. Alikuwa anaangalia mikono yake, zile kucha. Nimeshamwona baba akikasirika, nimeshamwona akifiwa. Sura ya jana sikuwa nimeiona. Alikuwa kama mtu aliyevuliwa nguo mbele ya wateja wake, na aliyemvua ni mimi.

Nikasema, "Fundi anatoka damu. Vidonge ameviacha kwa sababu yangu. Mimi haniamini. Anasema mpaka umwambie wewe."

Naandika hili polepole, kwa sababu ndilo sitaki kulisahau hata nikizeeka. Baba hakuuliza swali la pili. Hakusema ngoja, hakusema kwanza tuongee nyumbani, hakunipiga jicho. Aliangalia wateja akasema, "Samahanini, leo nimefunga." Akatoka kwenye mvua na aproni yake, bila mwavuli, nami nyuma yake. Maji ya njano yalikuwa yanamchuruzika miguuni mtaa mzima, watu wanatazama.

Kwa Fundi alisimama mlangoni. Hakuingia, kwa heshima.

"Mama," akamwambia, "mimi najua kusaga. Ugonjwa sijui. Nilikwambia kitu nisichokijua na nikakuapia kwa mtoto wangu, kumbe mtoto wangu anapona kwa dawa ya hospitali. Manjano yangu ni safi, ila hayakutoshi. Unisamehe. Amka twende."

Fundi alimtazama yeye, akanitazama mimi.

"Kumbe hukunidanganya," akaniambia.

"Leo sikukudanganya."

Tulimshika huku na huku. Kwenye teksi baba alikaa mbele, na dereva akalalamika kiti kimekuwa cha njano. "Nitakuoshea," baba akasema, na ndiyo maneno pekee aliyoyasema mpaka hospitali. Wamemlaza. Wamemwekea dripu na dawa. Daktari amesema tungechelewa siku mbili tu angekuwa anaongea habari nyingine.

Alhamisi, 16 Aprili

Baba hajasaga. Hajaongea nami. Glasi haikuwepo mezani.

Ijumaa, 17 Aprili

Mama ameambiwa yote. Akanirushia sponji. "Miezi mitatu nasugua sinki namsingizia mume wangu! Wikiendi hii unasugua wewe." Nimesugua. Rangi haitoki yote.

Kisha akaja akasimama mlangoni mwa bafu. "Ulikuwa unameza peke yako? Bila maji ya moto, bila kitu tumboni?" Nikasema ndiyo. Akanivuta kichwa kwenye kifua chake, na harufu yake ya limau na magadi, akasema, "Mjinga wewe." Lilikuwa neno zuri kuliko yote ya wiki hii.

Jumatatu, 20 Aprili

Mvua. Baba amesalimia. "Umeamkaje." Nimesema salama. Tumeishia hapo.

Jumamosi, 25 Aprili

Nilikwenda kwenye mashine bila kuitwa, nikachukua ufagio. Baba alikuwa juu ya ngazi anafuta ubao kwa petroli. Alifuta mstari wa pili, ule wa binti yetu, mpaka mbao ikabaki nyeupe. Aliposhuka akakaa kwenye gunia, akanionyesha gunia la pembeni.

"Kwa hiyo kazi yangu ni bure?"

"Hapana, baba."

"Niambie ukweli. Sasa nimezoea."

Nikamweleza kama Sista alivyonieleza, mmea usioweza kukimbia, silaha zake, kioo cha maabara, swali ambalo halijaiva. Alisikiliza kichwa chini. Hakika sijawahi kuongea na baba muda mrefu hivyo. Nilipofika kwenye rangi ya mizizi akaokota kipande akakivunja, akakitazama ndani kama hajawahi kukiona.

"Inajitengenezea yenyewe hii? Ardhini, gizani?"

"Ndiyo."

"Na walaghai wanaitia unga." Akatikisa kichwa. Kisha: "Siku ile, mbele ya watu. Uliniaibisha."

"Najua, baba."

"Nimekaa siku kumi natafuta namna ya kukukasirikia. Kila nikianza, namwona yule mama kitandani." Akakiweka kile kipande mkononi mwangu, kama anavyowawekea wateja, akaniangalia. "Simu hiyo ina makala nyingi. Uwe unanisomea. Zote, mpaka chini. Hata pale panaponichoma. Hapo hasa."

Nimemsomea tatu. Ya pili ilikuwa kuhusu vitunguu. Akasema, "Ahaa, na wao wana 'hata hivyo' yao," na alikuwa amefurahi kidogo.

Jumanne, 28 Aprili

Ubao mpya umepanda. Ameuandika mwenyewe, herufi zinapanda kilima:

MANJANO SAFI. HAYANA UNGA. SI DAWA.

Bi Chekeche amecheka mpaka amekaa chini. "Baba huyu! Nani anaandika kwamba kitu chake si dawa?" Baba amemjibu, "Mimi." Wateja wawili wamepita moja kwa moja kwenda kwa yule wa kona anayetia rangi. Baba amewaangalia wakienda na hajawaita.

Jumamosi, 2 Mei

Fundi ametoka hospitali. Amekuja na sare yangu iliyokuwa imechanika begani, ameishona, hakutaka niseme asante. Amenunua manjano robo, ya mboga. Baba amempimia na kuongeza. "Vidonge?" baba akauliza. "Vinne," Fundi akasema, "kama bosi wangu huyu." Bosi ni mimi.

Alhamisi, 7 Mei

Sista amenikabidhi karatasi ya maelezo ya dawa, iko kwa lugha ya darasani peke yake, niigeuze kwa lugha yetu ili wanaokaa kwenye benchi waelewe. Nimemuuliza kwa nini mimi. "Kwa sababu rafiki yako wa miaka arobaini na kitu amenisimulia." Nimeigeuza jioni yote. Sikuruka hata koma. Neno "choo" nimeliandika mara kumi na moja, wala sikuona haya.

Jumamosi, 9 Mei

Jua! Siku ya nne mfululizo. Maturubai yote yametandikwa uani na mizizi imejaa mpaka hakuna pa kukanyaga. Niko ghalani, kwenye kiti cha Bi Chekeche, naandika wakati wao wanakula.

Asubuhi nilisikia kitu ambacho sikutakiwa kusikia. Nilikuwa nyuma ya magunia. Kaka mmoja alikuja kutoka mbali, ameambiwa kuna manjano yanaponya utumbo, akamwomba baba kilo tatu. Mtu wa kilo tatu, na wiki hii wateja ni wa kuhesabu. Baba alishika mfuko, akaurudisha. Kisha akamuuliza, "Hospitali wamekupa nini?" Yule kaka akasema vidonge, lakini amechoka navyo. Baba akasema, "Sikuuzii leo. Uje saa saba, binti yangu atakuwepo. Yeye amesoma lugha mbili na ana ugonjwa huo. Ana haya sana, usimharakishe. Lakini akianza kusema, hakuna mtu mkweli kama yeye katika mtaa huu, na mimi ninajumlishwa."

Na mimi ninajumlishwa! Nimelirudia neno hilo mpaka limekuwa wimbo. Baba yangu, asiyetia hata punje ya unga, amesema hivyo kwa mtu asiyemjua. Wacha niandike ninavyomwona, kwa sababu mdomoni haitatoka: nimewahi kujivunia mashine yake, na mizizi inayolia "ta", na kiganja chake cha njano, lakini leo najivunia jinsi alivyosema "sikuuzii". Nikikua nataka kuweza kulisema neno hilo kama yeye. Naona hata nikisimama mbele ya—

Nasikia viatu vya baba, vile vya mpira. Na vingine nyuma yake, vya mtu anayetembea taratibu. "Yuko humu," baba anasema, "piga hodi kwanza." Saa saba imefika, na ukurasa mzima nimemsifu, akiuona nitakufa kwa haya. Naufunika kwa chekech—